Ufadhili na tuzo kwa wanafunzi wanaojitolea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa sekondari za Tanga mjini, wazazi wao, na vijana waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri chuo. Mengine huja kwa ujumbe wa simu, mengine huulizwa mlangoni baada ya vipindi, na mengine barazani mtu akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Ukiona jibu limekuwa refu, ujue hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kuna ufadhili unaotolewa kwa sababu tu mwanafunzi amejitolea?

Usiutafute kwa namna hiyo, utachoka. Fedha nyingi za masomo hutolewa kwa kuangalia mambo mawili: matokeo ya mtihani na hali ya kipato nyumbani. Kujitolea huingia kama jambo la tatu, linalomtofautisha mwombaji na mwenzake wakati wote wawili wana alama nzuri na wote wawili kwao hali ni ngumu. Wafadhili wengine wanalitilia jambo hilo uzito mkubwa, wengine hawaliulizi kabisa. Kazi ya kwanza ni kujua yupi ni yupi, usije ukapeleka vyeti vya kusafisha ufukwe mahali wanapotaka cheti cha kuzaliwa.

Bodi ya Mikopo wanaangalia kujitolea?

Hapana. HESLB iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, na kinachotazamwa ni udahili wako na uhitaji wako. Watakudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha kifo kama umefiwa na mzazi, uthibitisho wa ulemavu kama upo, na kama kaya yenu inasaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hilo nalo lina maana. Bumu halitaongezeka hata senti kwa sababu ulipanda mikoko.

Na Samia Scholarship?

Ile ilianza mwaka wa masomo 2022/23 na ni ya waliofaulu vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi, wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi na tiba. Mlango wake ni matokeo. Kama uko PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PCB (fizikia, kemia, biolojia) na alama zako ziko juu, soma. Kujitolea kwako kutakusaidia kwingine.

Mimi niko kidato cha tatu, hapahapa Tanga. Nianze na nini?

Anza na tatizo unalolipita kila siku ukienda shule, na usianze na jina la ufadhili. Vijana wengi wanakuja wameandika orodha ya vyuo vya Ulaya na hawajawahi kuuliza mtaani kwao nani anahitaji nini. Kila kata ina Afisa Maendeleo ya Jamii. Nenda ofisi ya kata, jitambulishe, muulize vikundi gani vinafanya kazi katika eneo lenu na kipi kinapokea wanafunzi. Kwa mkaazi wa Sahare, Tongoni au Mwambani, waulize watu wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe, kwa sababu wao ndio wanaojua habari za ufukwe na mazalia ya samaki. Kwa aliyeko Ngamiani au Makorora, darasa la watoto wasiojua kusoma linaweza kuanzia kwenye kibaraza cha nyumba yenu kesho jioni, bila ruhusa ya mtu zaidi ya mwenye nyumba na wazazi wa watoto wenyewe.

Ndani ya shule kuna skauti, kuna girl guides, kuna klabu za Msalaba Mwekundu. Kuna pia klabu za Interact, ambazo ni za vijana wa miaka 12 hadi 18 na husimamiwa na klabu ya Rotary, ambayo ni ya watu wazima wanaojitolea kwa jamii. Tanga mjini Rotary ipo. Faida ya kuingia kwenye kitu chenye jina ni kwamba msomaji aliyeko Nairobi au London anakijua tayari, huhitaji kumweleza. Hasara yake ni kwamba ni rahisi kuvaa skafu miaka minne bila kufanya lolote.

Halafu kuna Young Scientists Tanzania, ambayo watu wanaisahau wanapozungumza habari za kujitolea kwa kuwa inaitwa ya sayansi. Ilianzishwa 2011. Wanafunzi hufanya utafiti mdogo, wakisimamiwa na mwalimu, juu ya tatizo halisi la mahali wanapoishi, na kazi zilizochaguliwa huonyeshwa Dar es Salaam. Washindi wamekuwa wakilipiwa chuo kikuu na Karimjee Jivanjee Foundation. Kwa maoni yangu, kwa mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania anayejali jamii yake, hii ndiyo njia fupi kuliko zote kutoka kwenye tatizo la mtaani mpaka kwenye ada iliyolipwa. Maji ya kisima cha mtaa yenye chumvi, taka za machungwa msimu wa mavuno, mbu wa kwenye mifereji: hayo yote ni mada.

Kazi zipi zinahesabika?

Kazi yoyote inayomfaa mtu asiye ndugu yako, isiyokulipa, na ambayo mtu mwingine anaweza kuithibitisha. Kufundisha twisheni ya bure, kumsomea mzee barua zake za hospitali, kuongoza wageni kwenye makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani, kupanda miti, kusimamia maktaba ya shule, msaragambo wa kuchimba msingi wa zahanati.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi nao unahesabika, lakini usiutegemee. Kila mtu anatakiwa kushiriki, hivyo hautakutofautisha na yeyote. Vivyo hivyo zile shughuli za kundi zima kuvaa fulana mpya, kwenda Raskazone, kuokota chupa nusu saa, kupiga picha na kupanda basi. Sisi wa Tanga tuna jina letu kwa mambo hayo: waja leo, waondoka leo. Msomaji wa fomu anaitambua kazi ya aina hiyo kwa mbali.

Kuchangia damu hospitali ya Bombo ni jambo jema sana, ila lazima uwe umefika miaka 18 na una uzito wa kilo 50 au zaidi. Wa kidato cha tatu, subiri.

Nafundisha watoto madrasa. Mwenzangu anafundisha Sunday school. Inahesabika?

Kufundisha watoto kunahesabika. Ibada yako mwenyewe haihesabiki, hiyo ni yako. Shida ni namna ya kueleza. Ukiandika "nafundisha madrasa" msomaji wa nje anaweza asielewe uzito wake. Andika una watoto wangapi, wa umri gani, siku ngapi kwa wiki, unawafundisha kusoma herufi kwa njia gani, na nani aliyekuachia darasa. Kijana wa miaka 17 anayesimama mbele ya watoto thelathini kila alasiri, mmoja analia, wawili wanapigana, kumi wamesahau juzuu nyumbani, na bado somo linakwenda, huyo ana uongozi ambao wenzake wengi wanausoma vitabuni tu.

Mimi sina nafasi ya kujitolea. Nikitoka shule napika, nafua, nalea wadogo zangu, mama anauza samaki Deep Sea.

Swali hili huulizwa zaidi na wasichana, na huulizwa kwa aibu, kana kwamba wamefanya kosa. Liandike hilohilo. Fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya Marekani, Common App, ina nafasi kumi za shughuli za nje ya darasa, na mojawapo ya aina za shughuli zilizotajwa humo ni majukumu ya kifamilia. Wafadhili wanaotafuta watoto wa familia zenye kipato kidogo wanajua vizuri kwamba mtoto huyo hana Jumamosi yake mwenyewe. Ukilea wadogo watatu na bado ukapata saa moja kwa wiki ya kumwelekeza hesabu mtoto wa jirani, hiyo saa moja ni nzito. Usiongeze uongo juu yake.

Natakiwa kuwa na saa ngapi?

Fomu nyingi za ufadhili hazina idadi. Mahali pachache zinahesabiwa. Duke of Edinburgh's International Award, iliyoanzia Uingereza 1956 na ambayo majirani zetu Kenya wanaijua kama President's Award, ina ngazi tatu: shaba kuanzia miaka 14, fedha kuanzia 15, dhahabu kuanzia 16, na mwisho ni kabla ya kutimiza 25. Ndani yake kuna kutoa huduma, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya porini, na dhahabu hutaka huduma kwa muda wa mwaka mzima. Chevening, ufadhili wa shahada ya uzamili Uingereza, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na saa za kujitolea zinaingia kwenye hesabu hiyo. Hii ni ya waliokwisha kupata shahada ya kwanza, lakini nakutajia ujue kwamba kuna mahali ambapo tabia ya kuhesabu saa zako kwenye daftari itakuwa na thamani baada ya miaka mingi.

Mahali pengine pote, muda mrefu kwenye kazi moja unazidi saa nyingi kwenye kazi kumi.

Nitathibitishaje? Sina cheti.

Hapa nataka tukae kidogo. Watu wanakimbilia vyeti, na mjini hakuna uhaba wa watu wa kukuchapia cheti chenye utepe wa dhahabu steshenari. Cheti kinasema ulikuwepo. Hakisemi ulifanya nini. Kinachosema ulifanya nini ni daftari.

Chukua daftari la kawaida, kubwa kidogo, lisiwe la somo lolote. Kila ukitoka kazini andika siku hiyohiyo, ukichelewa utaanza kubuni. Tuseme uko kwenye kikundi cha mikoko. Ukurasa wako uwe hivi:

*Jumamosi, Sahare. Bamvua. Tumeingia saa tatu asubuhi maji yakitoka, tumemaliza saa sita. Watu 9. Miche 140 ya mkoko. Shahidi: katibu wa BMU. Tumehesabu miche ya mwezi uliopita: tulipanda 120, hai ni 71. Iliyokufa karibu yote ni ya upande wa mchanga, mawimbi yameing'oa. Mzee mmoja mvuvi anasema pale pafaa mchu (aina nyingine ya mti wa mikokoni), si mkoko. Wiki ijayo tumuulize zaidi.*

Angalia kilichomo. Muda, idadi, shahidi, na hasa ile miche 49 iliyokufa na sababu yake. Ukija kuandika insha ya maombi miaka miwili baadaye, hapo kwenye miche iliyokufa ndipo insha yako itakapoanzia, kwa sababu hapo ndipo ulipojifunza kitu. Kikundi kilichopanda miche elfu na hakikurudi kuihesabu hakina la kusema.

(Na kwa kuwa tumeitaja: mikoko ya pwani iko chini ya hifadhi, inasimamiwa na TFS, wakala wa serikali wa misitu. Usijichukulie jembe na kwenda kupanda au kukata peke yako. Pitia kikundi kinachotambulika.)

Mwisho wa kila muhula mpelekee daftari yule anayesimamia kazi yako alisaini. Saini nne za mtu mmoja anayekujua zina nguvu kuliko vyeti kumi vya watu waliokuona mara moja.

Barua ya mtendaji wa kata ina maana?

Ina maana ya kukutambulisha: kwamba unaishi hapo na huna matatizo. Weka mhuri, iskani, ihifadhi. Lakini barua ya mapendekezo ni kitu kingine, na lazima iandikwe na mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mwalimu wa klabu, muuguzi wa zahanati uliyojitolea, mwenyekiti wa kikundi. Mpe wiki tatu, mpe na nakala ya kurasa chache za daftari lako ili aandike mambo ya kweli. Ukimfuata mtu mkubwa asiyekujua kwa sababu tu cheo chake kinang'aa, atakuandikia barua inayoweza kumfaa mwanafunzi yeyote wa mkoa huu.

Kuandika mema niliyofanya na kuyatangaza, si riya? Tunaambiwa tenda wema nenda zako.

Swali zuri, na mimi si shehe. Ninachoweza kusema ni kwamba fomu haikuombi ujisifu, inakuuliza ulifanya nini, na wewe unajibu, kama shahidi anavyojibu anapoulizwa. Nia yako ibaki kati yako na Mola wako. Jambo moja la kivitendo linaloweza kukutuliza: andika zaidi kuhusu kazi na watu uliofanya nao kuliko kuhusu wewe. "Tulihesabu", "mzee alituonyesha", "darasa liliendelea hata nilipokuwa mtihanini". Maandishi ya namna hiyo hayana riya ndani yake, na wasomaji wa fomu, ambao hawajui hata neno riya, huyapenda zaidi.

Picha je? Piga za kazi. Za watoto na wagonjwa usisambaze bila idhini ya wazazi au wao wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo, heshima ya mtu ni heshima.

Tuzo zisizo na fedha zina faida gani?

Zinafungua masikio. Diana Award, iliyoanza 1999, hutolewa kwa vijana wa miaka 9 hadi 25 wa nchi yoyote. Huwezi kujipendekeza mwenyewe; mtu mzima anayeijua kazi yako ndiye anayekupendekeza, na asiwe ndugu. Hakuna hundi, ila jina hilo kwenye fomu ya chuo linasomeka.

Nyingine zina fedha. International Children's Peace Prize ya shirika la KidsRights la Uholanzi imetolewa tangu 2005, kwa watoto wa miaka 12 hadi 17, na mshindi hupata pia msaada wa masomo. Msidhani ni ya watoto wa mbali tu. Mwaka 2009 aliipata Baruani Ndume, mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa akiishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Alikuwa na kipindi cha redio kikiitwa Sisi kwa Sisi, kupitia Radio Kwizera, ambamo watoto wakimbizi walieleza maisha yao na wengine wakasaidiwa kuwapata wazazi waliopoteana nao. Kambini, na kipaza sauti cha redio. Hakuwa na bando wala kishikwambi.

Ufadhili gani wa nje unatazama kujitolea kwa uzito?

Nitataja ninaowaamini, na kila mmoja ana mtu wake.

Mastercard Foundation Scholars Program, tangu 2012, huwatafuta vijana wa Afrika wenye uwezo darasani, wasio na fedha, na wanaoonyesha kwamba wamekwisha anza kurudisha kitu kwa jamii yao. Kosa la kawaida ni kuandikia taasisi yenyewe. Maombi hupitia kwenye vyuo: Makerere kule Uganda, Ashesi na KNUST Ghana, USIU-Africa Nairobi, Cambridge, na vingine. Kila chuo kina masharti yake na tarehe zake.

Ashinaga Africa Initiative ni kwa aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, aliyemaliza sekondari. Wanakulipia shahada ya kwanza nje, na wanataka kusikia utarudi kufanya nini Afrika. Kuomba ni bure. Nawatajia kila mwaka, na kila mwaka kuna kijana aliyestahili anayeambiwa habari hii siku ya mwisho.

UWC (United World Colleges) ni shule za sekondari ya juu za kimataifa, na moja ya kampasi zake iko Moshi, nyingine Arusha. Huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo yenyewe, haiongezwi pembeni. Kwa Mtanzania, uteuzi hupitia kamati ya taifa, na msaada wa ada hutegemea kipato cha familia. Anayehitimu UWC anaweza kuingia kwenye mpango wa Davis, unaowasaidia wahitimu hao kusoma vyuo vya Marekani.

African Leadership Academy ya Johannesburg, iliyofunguliwa 2008, nayo inatafuta vijana wa sekondari wenye rekodi ya kuanzisha kitu. Wasichana wa familia duni waitazame CAMFED, shirika la elimu ya wasichana lililoko Tanzania tangu 2005. Pamoja na kusaidia gharama za shule, ina utaratibu wa wahitimu kurudi shuleni kujitolea kama walezi wa wadogo zao, na wanaofanya hivyo hupata mafunzo yenye cheti na mikopo isiyo na riba ya kuanzia biashara.

Kwa uzamili, Rotary ina Global Grants, ambayo bajeti yake huanzia dola 30,000, lakini lazima klabu ikusimamie. Ndiyo maana nasema mtu ajulikane na klabu ya hapa mapema, akiwa bado anasafisha nao, kabla hajawa mwombaji.

Nimeona mtandaoni orodha ndefu ya ufadhili wa kujitolea Marekani. Niombe?

Soma mstari wa uraia kwanza. Sehemu kubwa ya orodha hizo ni kwa raia na wakaazi wa Marekani tu: Coca-Cola Scholars na nyinginezo. Ukijaza umepoteza bando.

Kuna chuo kimoja cha kule ambacho kinafaa utazame: Berea, jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa 1855. Hakitozi ada ya masomo kwa mwanafunzi yeyote, kila mwanafunzi hufanya kazi za chuo angalau saa kumi kwa wiki, na mwaka wa kwanza wanafunzi wa kigeni waliokubaliwa hulipiwa gharama zao. Kundi la wageni wanaokubaliwa kila mwaka ni dogo na mashindano ni makali.

JKT inahesabika kama kujitolea?

Ile miezi mitatu ya baada ya kidato cha sita ni ya mujibu wa sheria, kwa hiyo usiiite kujitolea. Lakini kama ulikuwa kambi ya Mgambo au ya Maramba na ukajikuta unawafundisha wenzako, au mlijenga kitu cha kijiji, kitaje hicho kwa jina lake.

Na ukitaka kujua muda mzuri wa kujitolea hasa, ni ule wa kusubiri kidato cha tano. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Miezi saba! Wengine wanaimaliza kwenye vijiwe vya bodaboda. Aliyefundisha shule ya msingi ya mtaani kwake miezi saba hiyo ana hadithi ya kutosha fomu zote nilizozitaja.

Nilipata daraja la tatu. Kujitolea kutaniokoa?

Kwa ufadhili mkubwa wa nje, hapana. Kwa nafasi za mafunzo ya ufundi, kazi kwenye mashirika, na kujulikana na watu wanaoweza kukupa njia, ndiyo. Afadhali nikwambie sasa.

Insha niiandikeje?

Wengi huanza hivi: "Tangu utotoni napenda sana kusaidia jamii yangu na ndoto yangu ni kuleta mabadiliko." Msomaji ana mafungu ya insha za namna hiyo. Hajui wewe ni nani, uko wapi, wala ulifanya nini.

Sasa jaribu hivi: "Watoto sita kati ya kumi na mmoja waliokuja kibarazani kwetu walikuwa darasa la nne na hawakuweza kusoma neno 'mbuzi'. Niligundua wote sita hukaa nyuma ya darasa la wanafunzi zaidi ya themanini, na wawili hawaoni vizuri ubaoni." Mtu akishasoma hapo atataka kujua ulifanya nini kuhusu macho ya wale wawili. Mwambie. Kama uliandika barua kwa mwalimu mkuu wakahamishiwa mbele, sema hivyo tu, bila kupamba.

Andika kwanza kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayofikiria. Kiingereza kije baadaye, na mtu asahihishe sarufi tu, asikubadilishie maneno yote.

Akili mnemba iniandikie?

Ikusaidie kukagua tahajia. Haikuwepo Sahare siku ile maji yanatoka.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 16, amesema atakwenda kujitolea na shirika fulani, kuna wageni. Nimruhusu?

Marahaba mama. Nenda nawe siku ya kwanza. Uliza shirika limesajiliwa na nani, nani msimamizi wa watoto, wanarudi saa ngapi na kwa usafiri gani, na kama ofisi ya kata inawajua. Shirika la kweli litafurahi kukuona. Likikwambia mzazi haruhusiwi, mchukue mwanao mrudi nyumbani. Hakuna ufadhili unaostahili kubahatisha usalama wa mtoto.

Kuna mtu anadai laki mbili "za kufungua faili" anitafutie ufadhili. Ni kweli?

Tapeli. Chevening, Ashinaga na mpango wa Mastercard Foundation hawatozi ada ya maombi ya ufadhili. Bodi ya Mikopo hutoza shilingi 30,000, inayolipwa kwa namba ya malipo ya serikali na kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Gharama halali utakazokutana nazo ni za nyaraka: RITA, pasipoti, kuskani, pengine mtihani wa Kiingereza. Mtu anayekuharakisha ulipe leo kwa sababu "nafasi zinaisha jioni" mwambie akuandikie jina la ufadhili, halafu nenda kwenye tovuti yao wenyewe uwaulize.

Nikipata, lazima nirudi Tanga?

Inategemea umesaini nini. Chevening wanataka urudi nchini kwako na ukae angalau miaka miwili. Ashinaga wanataka mchango wako urudi Afrika. Mastercard Foundation wanasisitiza uongozi wenye manufaa kwa Afrika, na kila chuo kina namna yake ya kuliweka hilo. Mkopo wa HESLB haukudai urudi popote, unadai fedha zake: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Soma mkataba wote kabla ya kusaini, pamoja na mzazi au mlezi, na kama kuna kifungu hamkielewi, ulizeni kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.